Kwa nini Toronto hufia Boston katika mechi ya saba

Tangu mwaka 2013, Toronto Maple Leafs na Boston Bruins wamekutana mara nne katika hatua ya mtoano ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini: 2013, 2018, 2019 na 2024. Mara zote nne ilibidi zichezwe mechi saba ndipo mshindi apatikane, kwa hiyo jumla ni mechi 28. Ukiziweka kando zile nne za mwisho zinabaki 24, na humo Toronto imeshinda 12, Boston 12. Nguvu sawa, ungesema. Sasa zirudishe zile nne. Zote kachukua Boston.

Ukiwa na ndugu anayeishi Toronto au Mississauga, huenda umewahi kupokea ujumbe wake wa huzuni mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, ukabaki kujiuliza kafiwa na nani. Kule jambo hili wanaliita laana. Sina ugomvi na laana, ila napendelea tuanze na hesabu, ieleze inachoweza kueleza. Kitakachobaki tutampelekea mganga.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wale ambao barafu wameiona kwenye friji tu, au kwenye ule uwanja mdogo wa hoteli ya Panari jijini Nairobi walikoanzia Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya. Kila timu huingiza wachezaji watano na kipa. Wanakimbiza kisahani cha mpira mgumu kwa magongo, katika vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila mchezo unaposimama. Mchezaji akifanya kosa hutolewa nje, mara nyingi kwa dakika 2, na timu yake hucheza pungufu. Katika mtoano hakuna sare wala matuta. Mkifungana mnaongezewa dakika 20, tena 20, hata usiku kucha, na bao la kwanza ndilo linalomaliza kila kitu.

Hatua ya mtoano haina habari ya nyumbani na ugenini tuliyoizoea kwenye kabumbu la Afrika. Anayetangulia kushinda mechi nne ndiye anayesonga mbele. Aliyekusanya pointi nyingi msimu mzima hucheza nyumbani mechi ya kwanza, ya pili, ya tano na ya saba. Shika hilo la saba, kwa sababu hapo ndipo penye sehemu kubwa ya kisa chetu.

Watu husahau kwamba kwa miaka mingi aliyekuwa akilia ni Boston. Watani hawa wa jadi walikutana katika mtoano mara 13 kati ya 1933 na 1974, na Toronto ilishinda nane: 1933, 1935, 1936, 1938, 1948, 1949, 1951 na 1959. Ule wa 1933 ulimalizwa na mechi ambayo hadi leo ni ya pili kwa urefu katika historia ya ligi. Usiku wa Aprili 3, katika uwanja wa Maple Leaf Gardens, dakika 60 ziliisha bila bao. Wakaongeza kipindi, wakaongeza kingine, wakafika cha sita. Alfajiri ilikuwa inakaribia pale Ken Doraty alipoifungia Toronto, baada ya dakika 104 na sekunde 46 za nyongeza. Washindi hawakupata hata usingizi. Walipanda treni kwenda New York kuanza fainali, wakaipoteza.

Mwezi Desemba mwaka huohuo utani uligeuka kuwa kitu kingine. Eddie Shore, beki wa Boston, alimgonga Ace Bailey wa Toronto kwa nyuma. Bailey alianguka, kichwa kikapiga barafu, na kwa siku kadhaa haikujulikana kama ataishi. Aliishi, ila hakucheza tena. Februari 1934 iliandaliwa mechi ya nyota wa ligi kumchangia, na Bailey akampa mkono Shore mbele ya umati wa Toronto. Jezi yake namba 6 ikawa ya kwanza kustaafishwa katika ligi hiyo.

Na kuna ile ya 1951, ambayo mimi huipenda kwa upuuzi wake. Mechi ya pili iliishia sare ya 1–1, matokeo ambayo kwenye mtoano hayapaswi kuwepo kabisa. Ilikuwa Jumamosi usiku, na sheria za Toronto za wakati ule hazikuruhusu michezo kuingia Jumapili. Saa ilipokaribia, watu wakarudishwa makwao.

Upepo ulibadilika katika miaka ya sitini. Toronto ilichukua Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, mwaka 1967, la 13 katika historia yake, na tangu hapo haijaligusa. Boston ikampata Bobby Orr, beki nyota. Mwaka 1969 walipokutana, mechi mbili za kwanza ziliisha 10–0 na 7–0 kwa Boston. Beki wa Toronto, Pat Quinn, alimpiga Orr kikumbo kilichomzimisha, mashabiki wa Boston nusura wamvamie, na mechi ya nne ilipoisha kocha wa Toronto, Punch Imlach, alifukuzwa kazi papo hapo. Boston ilishinda tena 1972 na 1974. Kisha zikapita karibu miaka arobaini bila kukutana katika mtoano.

Kwa hiyo ukichukua kitabu kizima cha kumbukumbu, kabla ya 2013 Toronto ilikuwa mbele 8–5. Baada ya 2019 ikawa 8–8. Sasa Boston iko mbele 9–8. Anayesema Toronto haijawahi kumuweza Boston hajafungua kurasa za mwanzo.

Turudi 2013. Toronto ilikuwa inacheza mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2004. Ilikuwa nyuma kwa mechi 3–1, ikashinda mechi mbili mfululizo 2–1, ikaenda Boston kwa mechi ya saba. Mei 13, dakika ya sita ya kipindi cha tatu, Nazem Kadri alifunga na ubao ukasoma 4–1 kwa wageni. Nathan Horton akapunguza moja. Zikafika dakika za lala salama, Boston wakamtoa kipa wao ili waongeze mshambuliaji wa sita, jambo ambalo hoki inaruhusu. Zikiwa zimebaki dakika 1 na sekunde 22, Milan Lucic akafunga. Sekunde 31 baadaye Patrice Bergeron akasawazisha. Katika dakika ya saba ya nyongeza, Bergeron huyohuyo akamaliza kazi, 5–4. Haijawahi kutokea kabla ya hapo timu kufuta pengo la mabao matatu katika kipindi cha tatu cha mechi ya saba. Hadi leo ukitaka kumchokoza shabiki wa Toronto, mwambie tu: “ilikuwa 4–1.”

Kipa wa Boston usiku ule alikuwa Tuukka Rask, raia wa Finland. Mwaka 2005 aliyemchagua Rask katika usajili wa chipukizi alikuwa Toronto. Mwaka uliofuata wakampeleka Boston kubadilishana na Andrew Raycroft, kipa ambaye hakudumu. Rask alisimama langoni 2013, 2018 na 2019, na akashinda zote tatu dhidi ya klabu iliyomchagua. Ile ya 2019 aliokoa mashuti 32. Hiyo si laana. Hayo ni makosa ya ofisini, yenye saini chini yake.

Kwa nini basi wakutane mara nyingi hivi? Tangu msimu wa 2013–14 ligi ilibadili utaratibu: katika kila kundi, wa pili na wa tatu hukutana moja kwa moja katika raundi ya kwanza. Toronto na Boston wako kundi moja, na 2018, 2019 na 2024 walimaliza wa pili na wa tatu. Mwaka 2024 ilikuwa pointi moja tu. Katika mechi yake ya mwisho ya msimu Boston ilifungwa 3–1 na Ottawa, na usiku huohuo Florida iliichapa timu nyingine 5–2, ikapanda kileleni mwa kundi kwa pointi 110 dhidi ya 109 za Boston. Hiyo timu nyingine ilikuwa Toronto. Kwa kufungwa na Florida, Toronto ilisaidia kumshusha Boston hadi nafasi ya pili, njiani pake yenyewe.

Angalia na pengo la pointi kati ya wawili hawa. Mwaka 2018 Boston ilikuwa na 112, Toronto 105. Mwaka 2019, 107 kwa 100. Mwaka 2024, 109 kwa 102. Tofauti ni saba kila mara, utadhani imepangwa. Mwaka 2013, msimu ulipofupishwa hadi mechi 48, ilikuwa 62 kwa 57. Boston ilikuwa bora mara zote nne, si kwa mbali, lakini kiasi cha kutosha kuhakikisha kwamba mechi ya saba inachezwa kwake.

Kucheza nyumbani kwenye hoki si suala la kelele za mashabiki pekee. Mchezo ukisimama, kocha mgeni hutakiwa kupanga wachezaji wake kwanza, mwenyeji anawaona, ndipo anapanga wake. Yaani mwenyeji hutoa karata ya mwisho. Boston ilikuwa na Bergeron, mmoja wa washambuliaji wa kati hodari zaidi kwa kukaba waliowahi kucheza, na nyuma yake Zdeno Chara, beki mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Katika uwanja wake, kocha wa Boston aliweza kuwapeleka hao mbele ya nyota wa Toronto karibu kila alipotaka. Pale Toronto mambo yaligeuka, kocha wa Boston ndiye aliyelazimika kukisia.

Sasa hesabu. Kama kila mechi ya saba ni sawa na kurusha sarafu, uwezekano wa Boston kushinda zote nne ni moja kwa 16, yaani kama 6 katika 100. Lakini si sarafu ya haki. Tuseme timu iliyo bora kidogo na iliyo nyumbani hushinda mara 6 kati ya 10. Ukizidisha 0.6 mara nne unapata 0.13, yaani takriban moja kwa nane. Jambo la moja kwa nane hutokea, na wala halihitaji ubani. Halafu kumbuka kwamba ligi ina timu 32, na timu 32 zinatoa jozi 496. Ukitazama jozi zote kwa miaka kumi na ushei, utashangaa usipokuta mahali fulani mmoja anaonewa namna hii. Sisi tumeitazama jozi hii kwa sababu tayari imetokea.

Nilisema mwanzoni kwamba zile mechi 24 ziligawanywa 12 kwa 12. Hiyo namba ni ya kweli, na inadanganya. Hesabu mabao badala ya ushindi: Boston 72, Toronto 57. Inawezekanaje? Katika ushindi 12 wa Toronto, nane ulikuwa wa tofauti ya bao moja. Katika ushindi 12 wa Boston, wa bao moja ni mmoja tu, ule wa 4–3 katika muda wa nyongeza mwaka 2013. Mengine ni 5–1, 7–3, 6–4 na kadhalika. Ni kweli baadhi ya mabao hayo yalifungwa kwenye lango tupu baada ya Toronto kumtoa kipa wake ikitafuta kusawazisha, kwa hiyo pengo limevimba kidogo. Hata ukiyakata hayo, picha ni ileile: Boston ilishinda kwa raha, Toronto ilishinda kwa kubana meno. Timu mbili za namna hiyo zikifika 3–3 hazijafika zikiwa sawa.

Mpaka hapo sioni cha ajabu. Boston bora kidogo, nyumbani, mara nne. Lakini tazama jinsi Toronto ilivyofungwa. Mwaka 2013 iliongoza 4–1 katika kipindi cha tatu. Mwaka 2018 ilianza kipindi cha tatu ikiongoza 4–3, ikaruhusu mabao manne bila kujibu na kupoteza 7–4. Huo ni ugonjwa wa ulinzi. Mwaka 2019, baada ya kuongoza 3–2 na kupoteza mechi ya sita kwake, ilikwenda Boston ikafungwa 5–1. Mwaka 2024 ilifungwa 2–1 katika muda wa nyongeza. William Nylander alitangulia kufunga, Hampus Lindholm akasawazisha baada ya dakika moja na ushei, na David Pastrnak akamaliza mapema kabisa katika nyongeza. Huo sasa ni ugonjwa wa ushambuliaji. Laana gani hii inayobadilisha dalili katikati ya njia?

Ugonjwa wa pili ndio unaonisumbua. Mwaka 2024 Toronto ilikuwa na Auston Matthews, aliyefunga mabao 69 msimu ule. Ni kweli aliumwa na kukosa mechi ya tano na ya sita, ambazo wenzake walishinda bila yeye. Katika mechi zote saba timu ilifunga mabao 12 tu. Tatizo liko wazi ukiangalia zile dakika ambazo Boston ilicheza pungufu: Toronto ilipata nafasi 21 za namna hiyo, ikafunga moja. Msimu mzima ilikuwa imefunga katika asilimia 24 ya nafasi hizo. Kwa kiwango hicho, nafasi 21 zilipaswa kuzaa mabao matano hivi. Uwezekano wa kupata moja au sifuri kwa bahati mbaya tu ni kama 2 katika 100. Hapo siwezi tena kusema “hutokea” nikaendelea na safari.

Ukitoka nje ya Boston jambo linazidi. Chukua mechi za mwisho, zile za kufa au kupona kwa timu zote mbili, ambazo Toronto ilitolewa nazo tangu 2019. Boston 2019: bao 1. Columbus 2020: sifuri. Montreal 2021, baada ya kuongoza 3–1: bao 1. Tampa Bay 2022: bao 1. Boston 2024: bao 1. Florida 2025: bao 1. Mechi sita, mabao matano. Na nne kati ya hizo zilichezwa Toronto kwenyewe, kwa hiyo ile hoja ya karata ya mwisho ya mwenyeji haisaidii tena.

Maelezo ninayoyaamini zaidi ni ya fedha. NHL ina kikomo cha mishahara, na kuanzia 2019 kilikwama kwenye dola milioni 81.5 kwa misimu mitatu kutokana na janga la korona. Toronto ilikuwa tayari imewaahidi Matthews, John Tavares, Mitch Marner na Nylander karibu nusu ya fedha hizo. Washambuliaji wanne wanakula nusu ya chungu, wengine kumi na tisa wanagawana kilichobaki. Katika mechi 82 za msimu, ambapo nafasi za wazi ni nyingi, hao wanne wanakubeba. Mechi ya saba ni tofauti. Wapinzani hujaa mbele ya lango, waamuzi hupunguza filimbi, na mabao mengine hutoka kwa watu wa safu ya tatu na ya nne, wale wanaoingia kuwapumzisha nyota, wanaogombea kisahani kilichodunda mbele ya kipa. Hao ndio Toronto haikuwa na fedha za kuwanunua. Haielezi kila kitu. Inaeleza zaidi ya laana.

Kadri, yule wa bao la nne, alikuwa mtu wa aina hiyo hasa: mgomvi, mkaidi, asiyeogopa msongamano. Ila ugomvi huo ulimgharimu. Mwaka 2018 alifungiwa mechi tatu kwa rafu aliyoicheza katika mechi ya kwanza dhidi ya Boston, na 2019 akafungiwa raundi yote iliyosalia kwa kumpiga Jake DeBrusk kwa gongo. Toronto ilichoka, ikamuuza Colorado. Mwaka 2022 alifunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza wa mechi ya nne ya fainali, na Colorado ikachukua kombe.

Baada ya 2024 kocha Sheldon Keefe aliondolewa. Marner naye alihamia Vegas katikati ya 2025. Upande wa Boston, Chara, Rask na Bergeron wote wamestaafu. Aliyecheza mara zote nne akiwa na jezi ya Boston na bado yupo barafuni ni Brad Marchand, mfupi, mchokozi, anayechukiwa Toronto kuliko karibu mtu yeyote. Machi 2025 Boston ilimuuza Florida. Miezi miwili baadaye Florida ikakutana na Toronto, wakafika mechi ya saba, safari hii Toronto ikiwa nyumbani, na Florida ikashinda 6–1, Marchand akifunga na kutoa pasi za mabao. Hiyo ilikuwa mechi yake ya saba ya tano dhidi ya Toronto, na zote tano ameshinda. Mwezi uliofuata akanyanyua kombe, kisha akasaini na Florida mkataba wa miaka sita. Florida na Toronto wako kundi moja.